Kulinda mapafu ya mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia wakati wa upasuaji mkubwa: mwongozo kamili

Dakika chache baada ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla mpasuaji hajashika kisu, sehemu ya mapafu yake tayari imenywea. Hali hiyo huwapata karibu wagonjwa wote wanaolazwa usingizi kamili, hata walioingia wakiwa na mapafu mazima. Kulala chali peke yake hupunguza hewa inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi kwa takriban lita 0.7 hadi 1. Dawa za usingizi na za kulegeza misuli huongeza upungufu wa karibu nusu lita, kwa sababu kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hulegea na kusukumwa juu na matumbo. Juu ya hapo kuna oksijeni safi tunayompa mgonjwa kabla ya kumlaza: damu huinyonya yote kutoka kwenye vifuko vya hewa, na kwa kuwa hakuna naitrojeni ya kuvishikilia wazi, vifuko hivyo hufunga.

Pafu lililonywea lina madhara ya aina mbili. La kwanza linaonekana: oksijeni inashuka. La pili halionekani mezani, na ndilo baya zaidi. Pumzi iliyokusudiwa mapafu mazima huingia yote kwenye sehemu iliyobaki wazi na kuivuta kupita kiasi, huku vifuko vya mpakani vikifunguka na kufunga kwa kila pumzi, mara 12 au 15 kwa dakika, kwa saa nne. Msuguano huo huamsha uvimbe unaojitokeza siku ya pili au ya tatu wodini kama nimonia au kushindwa kupumua, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena mashine iliwekwaje.

Mwongozo huu unahusu watu wazima. Kuweka namba kwenye mashine ndiyo kazi rahisi. Mapafu hupotea zaidi kwenye mapito: kutoka barakoa kwenda mrija, kutoka mfuko wa mkono kwenda mashine, gesi inapoingizwa tumboni, mrija unapochomolewa. Kwa hiyo mapito yatapewa nafasi kubwa hapa.

Kabla ya siku yenyewe

Anza kwa kujua unayemhudumia yuko kwenye hatari kiasi gani. Kipimo cha ARISCAT, kinachokadiria kwa pointi hatari ya matatizo ya mapafu baada ya upasuaji, hufanyika kitandani kwa dakika mbili. Umri wa miaka 51 hadi 80 ni pointi 3, zaidi ya 80 ni 16. Oksijeni ya damu kwa hewa ya kawaida ikiwa 91–95% ni pointi 8, ikiwa 90% au chini ni 24. Maambukizi ya njia ya hewa katika mwezi uliopita, 17. Hemoglobini ya 10 g/dl au chini, 11. Mkato wa tumbo la juu, 15. Mkato wa ndani ya kifua, 24. Upasuaji wa saa 2 hadi 3, pointi 16. Unaozidi saa 3, pointi 23. Dharura, 8. Chini ya 26 hatari ni ndogo, 26 hadi 44 ni ya kati, 45 na kuendelea ni kubwa.

Mgonjwa wa miaka 68, hemoglobini 9.5, anayefanyiwa upasuaji wa tumbo la juu kwa saa tatu na nusu, ana 3 + 11 + 15 + 23 = 52. Huyo yuko kwenye hatari kubwa, ingawa ukimtazama anaweza kuonekana mzima kabisa na hajawahi kuvuta sigara.

Alama hizi pia zinakuonyesha unachoweza kubadilisha. Kama upasuaji si wa haraka na mgonjwa alikuwa na kikohozi wiki mbili zilizopita, kuusogeza mbele kunaondoa pointi 17. Upungufu wa damu hutibika. Anayevuta sigara aache angalau wiki nne kabla. Mfundishe mapema kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku amebana kidonda kwa mto. Somo hilo halishiki kichwani mwa mtu mwenye maumivu na usingizi wa morfini.

Mashine

Fanya jaribio la uvujaji mirija ikiwa imenyooshwa kwa urefu utakaoutumia. Mashine nyingi za kisasa hupima wakati huo jinsi mirija inavyotanuka na kufidia hewa inayobaki humo. Ukipima mirija ikiwa imekunjwa kisha ukaivuta hadi mwisho, fidia hiyo inakuwa si sahihi, na kwa pumzi ndogo kosa hilo linahesabika.

Kama mashine ni ya zamani isiyotenganisha gesi mpya na pumzi ya mashine, kuna mtego mwingine. Gesi mpya ya lita 6 kwa dakika, muda wa kuingiza pumzi ukiwa theluthi moja ya kila mzunguko na kasi ikiwa pumzi 12 kwa dakika, huongeza karibu ml 167 kwenye kila pumzi. Umeweka 370, mgonjwa anapata zaidi ya 530. Soma ujazo unaotoka kwa mgonjwa, usisome ulioandika wewe, na mara tu mambo yakitulia punguza gesi mpya.

Tazama pia kilicho kati ya mrija na saketi, yaani mabomba ya mashine. Kila kichujio, kiungo na kipande cha bomba kinachopitisha hewa ya kuingia na ya kutoka ni nafasi ambayo pumzi hupita bure bila kufika mapafuni. Kwa mgonjwa mfupi anayepewa ml 320, kichujio kikubwa na kiungo kirefu vinaweza kula sehemu kubwa ya pumzi. Chukua kichujio kidogo kinachomtosha na uondoe viungo visivyo na kazi.

Mwisho, badilisha namba ambazo mashine huja nazo inapowashwa. Pumzi ya ml 500 na PEEP (presha inayobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi) iliyozimwa si jambo geni, na mashine haijui aliyelala pale ni nani.

Kumlaza usingizi

Inua sehemu ya kichwa na kifua nyuzi 25 hadi 30. Kwa mwenye unene mkubwa, panga mito mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na kishimo cha juu ya mfupa wa kifua. Bana barakoa isivuje, fungua oksijeni lita 10 kwa dakika, na mwache apumue kawaida kwa dakika 3 hadi 5 mpaka oksijeni anayoitoa ifike 90%. Barakoa ikivuja, namba hiyo haifikiwi hata ukingoja dakika kumi. Kwa mnene au mwenye oksijeni ya chini tangu awali, ongeza presha endelevu ya 5 hadi 10 cmH2O (sentimita za maji, kipimo cha presha ya hewa).

Wapo wanaopunguza oksijeni hatua hii kwa kuogopa mapafu kunywea. Hatuwaungi mkono. Oksijeni safi kweli hufunga vifuko, lakini vifuko hufunguliwa baadaye. Ubongo uliokosa oksijeni wakati mrija unagoma kuingia haufunguliwi na kitu.

Mgonjwa akishalala, msaidie kupumua kwa barakoa ukiwa na PEEP ya 5, na presha ya kuingiza isizidi 15 hadi 20 cmH2O ili hewa isijae tumboni. Mrija ukiingia, thibitisha kwa mchoro wa kabonidioksidi. Kina cha kawaida kwenye meno ni takriban sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanaume, kisha sikiliza pande zote mbili. Jaza kafu, yaani puto dogo linalozunguka mrija, hadi 20–30 cmH2O kwa kipimo, maana vidole hudanganya.

Hapa ndipo penye pito la kwanza. Unganisha mrija na mashine ambayo PEEP yake tayari imewekwa. Dakika tatu za kumbonyezea mfuko bila PEEP huku ukifunga plasta zinatosha kufanya mapafu ya wengi yanywee.

Ujazo wa pumzi: urefu, si kilo

Mapafu hayanenepi. Mtu akiongezeka kilo 40, kifua chake ndani kinabaki kilekile. Kwa hiyo ujazo hukokotolewa kwa uzito unaotabiriwa na urefu:

Mwanaume: 50 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4)
Mwanamke: 45.5 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4)

Zidisha jibu kwa 6 hadi 8 ml. Anza na 7.

Chukua mwanamke wa sentimita 160 na kilo 92. Uzito wake unaotabiriwa ni kilo 52.4. Kwa 7 ml/kg anahitaji takriban ml 370. Aliyetumia kilo za mizani kwa 8 ml/kg atampa ml 736, ambazo ni 14 ml kwa kila kilo ya mapafu yake halisi. Kosa hili huwaangukia zaidi wanawake, watu wafupi na wanene, kwa sababu ml 500 "za kila mtu" kwao ni nyingi mno.

Pima urefu kwa utepe. Urefu wa kukisia kwa macho mgonjwa akiwa amelala hukosewa mara nyingi. Kama hasimami, mnyooshe kitandani na upime toka kisigino hadi utosi. Kisha bandika jedwali dogo kwenye mashine: mwanamke wa sentimita 150, kilo 43; wa 160, kilo 52; wa 170, kilo 62. Mwanaume wa 160, kilo 57; wa 170, kilo 66; wa 180, kilo 75. Hesabu inayofanywa usiku wa manane katikati ya dharura haiaminiki.

Je, chini ya 6 ni bora zaidi? Kwenye pumzi ya mapafu mawili wakati wa upasuaji, hatuoni sababu. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa takriban 1,200, ulilinganisha 6 na 10 ml/kg, pande zote mbili zikiwa na PEEP ya 5, na matatizo ya mapafu yakawa karibu sawa. Hilo halikupi ruhusa ya kurudi kwenye 10. Linakuonya tu usidhani ujazo peke yake ndio ulinzi. Kazi kubwa hufanywa na kinachofuata.

PEEP na presha ya msukumo

PEEP ni presha inayobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi ili vifuko visifunge. Usiweke sifuri kwa mgonjwa wa upasuaji mkubwa. Anza na 5 cmH2O. Baada ya hapo maswali huanza, na majibu ya tafiti hayakubaliani kirahisi.

Utafiti wa IMPROVE wa Ufaransa, mwaka 2013, uliwagawa wagonjwa 400 wa upasuaji wa tumbo. Waliopewa 6–8 ml/kg, PEEP ya 6–8 na kufunguliwa mapafu kila nusu saa walipata matatizo makubwa kwa 10.5%, dhidi ya 27.5% kwa waliopewa 10–12 ml/kg bila PEEP. Mwaka mmoja baadaye, PROVHILO iliweka ujazo mdogo kwa wote, ikalinganisha PEEP ya 12 na ile isiyozidi 2. Matatizo ya mapafu yakawa sawa, na wenye PEEP kubwa wakashuka presha ya damu zaidi. PROBESE ya 2019, kwa wanene, nayo haikuona faida ya 12 juu ya 4. Tunavyozisoma, PEEP kubwa iliyowekwa kwa wote kama sare haisaidii, kwa sababu anayeihitaji na asiyeihitaji wanalala kwenye meza ileile na huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama.

Kinachowatofautisha ni presha ya msukumo. Weka mashine kwenye hali ya ujazo, washa kituo kifupi mwisho wa kuingiza pumzi, cha 10 hadi 30% ya muda wa kuingiza. Hewa ikisimama, soma presha tulivu, ambayo skrini nyingi huiandika Pplat. Toa PEEP. Kilichobaki ndiyo presha ya msukumo, yaani nguvu inayotumika kuyatanua mapafu kwa pumzi moja. Bila kituo unasoma presha ya kilele, ambayo imebeba pia ukinzani wa mrija na njia za hewa.

Mfano wa mwanamke yule: ujazo ml 370, presha tulivu 18, PEEP 5. Msukumo ni 13. Ongeza PEEP hadi 8, ngoja dakika chache, soma tena. Presha tulivu ikiwa 19, msukumo umeshuka hadi 11: pafu limefunguka, pumzi ileile inaingia kwa nguvu ndogo. Baki hapo. Ingekuwa presha tulivu imefika 23, msukumo ungekuwa 15: unavuta vifuko vilivyokwisha kujaa, rudi chini. Ikibaki sawasawa, chagua PEEP ndogo, kwa ajili ya moyo.

Lenga msukumo chini ya 13 na usiuache uzidi 15 bila kujua sababu. Presha tulivu ibaki chini ya 25 kadiri inavyowezekana, na isifike 30. Ziandike namba hizi kwenye chati kila nusu saa kama unavyoandika presha ya damu. Msukumo unaopanda taratibu kutoka 10 hadi 14 ndani ya saa mbili ni pafu linalonywea mbele ya macho yako, na oksijeni ya kidole, yaani inayosomwa na kipimo cha kidoleni, inaweza kusoma 99% muda wote huo.

Oksijeni na kasi

Oksijeni ya kidole husoma vizuri hivyo kwa sababu ya kiwango kikubwa cha oksijeni tunachompa mgonjwa. Ukimpa 80%, robo ya mapafu inaweza kunywea bila kengele kulia. Baada ya mrija kuthibitishwa, shusha hadi 30–40% na ulenge 94% au zaidi kwenye kidole. Ukitaka kujua kama mapafu yako wazi, na mgonjwa yuko imara, shusha hadi 21% kwa dakika tano. Akibaki 97% au zaidi, mapafu yako vizuri. Akishuka hadi 96 au chini, huenda kuna sehemu imefunga. Jaribio hili ni rahisi, na linashangaza jinsi linavyotumika kwa nadra.

Utasikia hoja ya 80%: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango hicho mwaka 2016 kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya kidonda, kisha mwaka 2018 likalegeza uzito wa pendekezo hilo. Wataalamu wengi wa usingizi hawakuafiki. Kama chumba chako kinafuata 80%, basi presha ya msukumo ndiyo itakayokuwa jicho lako, maana kidole hakitakuambia kitu.

Kasi ianze 12 hadi 16, kisha ipangwe kwa kabonidioksidi anayoitoa: 35 hadi 45 mmHg. Kufika 50 kunavumilika, isipokuwa kwa mwenye presha ya juu ndani ya fuvu, moyo wa kulia ulioshindwa, damu yenye asidi nyingi, au mjamzito. Uwiano wa kuingiza na kutoa uwe 1:2. Kila unapoongeza kasi, tazama mchoro wa mtiririko: hewa ya kutoka irudi kwenye sifuri kabla ya pumzi inayofuata. Isiporudi, hewa inajilimbikiza, na presha ya damu itaanza kushuka bila tone la damu kupotea.

Kufungua mapafu yaliyonywea

PEEP huzuia kunywea. Mara nyingi haitoshi kufungua kilichokwisha kufunga. Kufungua kunahitaji presha ya 30 hadi 40 cmH2O kwa muda mfupi, au 40 hadi 50 kwa mwenye unene mkubwa. Hatufanyi hivi kwa kila mgonjwa kila nusu saa. Tunafanya kunapokuwa na sababu: msukumo umepanda, oksijeni imeshuka, mirija ilichomoka, gesi imetolewa tumboni. Mwenye hatari kubwa afunguliwe pia mara moja baada ya mrija, akishatulia.

Usifanye kwa mwenye hewa kwenye utando wa pafu isiyotolewa, malengelenge makubwa ya pafu, presha ya fuvu iliyopanda, moyo wa kulia dhaifu, au anayevuja damu. Mjulishe mpasuaji, thibitisha misuli imelegea, na dawa ya kupandisha presha iwe tayari kwenye bomba la sindano. Namba ya juu ya presha ya damu iwe angalau 90 kabla ya kuanza.

1. Weka mashine kwenye hali ya presha, tofauti ya 15 hadi 20 juu ya PEEP, kasi 10 hadi 15, uwiano 1:1. Panua kikomo cha kengele ya presha.
2. Panda na PEEP: 5, 10, 15, 20. Kaa pumzi tatu hadi tano kila ngazi huku ukitazama presha ya damu.
3. Kwenye ngazi ya 20 presha ya juu inakuwa 35 hadi 40. Kaa pumzi sita hadi kumi, si zaidi.
4. Shuka kwa ngazi za 2 mpaka PEEP uliyochagua. Usianguke ghafla kutoka 20 hadi 5.
5. Rudi kwenye hali ya ujazo, rudisha kengele, soma msukumo mpya.

Namba ya juu ya presha ya damu ikianguka kwa zaidi ya 20%, acha palepale, rudi PEEP ya 5, ongeza maji au dawa, na usirudie mpaka ujue kama mgonjwa amepungukiwa maji. Kushuka kwa kasi kwenye ngazi ya pili tu karibu kila mara humaanisha mishipa haijajaa.

Mashine yako ikiwa haina hali ya presha, fanya kwa ujazo: PEEP 12, kasi 6 hadi 8, ongeza ujazo kwa 4 ml/kg kila mara mpaka presha tulivu ifike 30–35, mpe pumzi tatu, kisha rudi. Kubana mfuko kwa mkono ndiyo njia tunayoipenda kidogo zaidi. Presha haidhibitiki, na unapogeuza swichi kurudi kwenye mashine mapafu huanguka hadi sifuri kwa sekunde mbili tatu. Kazi yote inapotea kwenye swichi.

Msukumo usiposhuka baada ya kufungua, basi tatizo halikuwa kunywea. Tafuta kingine.

Hali zinazobadilisha mpango

Upasuaji wa matundu madogo wenye gesi tumboni. Presha tulivu hupanda gesi inapoingia, lakini sehemu ya ongezeko hilo inabebwa na ukuta wa kifua na tumbo, si mapafu. Usikimbilie kukata ujazo. Omba gesi ibaki 12 mmHg au chini ya hapo kama mpasuaji anaona vizuri, ongeza PEEP hadi 8 au 10, na upime msukumo. Kichwa kikishushwa, kiwambo husukuma mapafu juu na ncha ya mrija inaweza kuingia pafu la kulia peke yake: sikiliza tena kila meza inapogeuzwa. Gesi ikitolewa, fungua mapafu, kisha ushushe PEEP.

Unene mkubwa. Ujazo kwa urefu, bila huruma. PEEP huishia juu zaidi, mara nyingi 8 hadi 12 kwa anayefanyiwa upasuaji wa matundu, ila ichaguliwe kwa msukumo. Sehemu ya kifua iwe juu kadiri upasuaji unavyoruhusu.

Pumu kali na mapafu ya wavutaji sigara wa miaka mingi. Kasi 8 hadi 12, uwiano 1:3 hadi 1:4, na jicho kwenye mchoro wa mtiririko. Kwa hawa, hewa iliyonaswa ni hatari kuliko kabonidioksidi ya 50.

Pafu moja, pale upasuaji unapohitaji pafu jingine lilale. Ujazo 4 hadi 6 ml/kg, PEEP 5 kwa pafu linalopumua, presha tulivu chini ya 25. Oksijeni ikishuka, panda na kiwango cha oksijeni, hakiki mrija kwa kamera, fungua pafu linalopumua, kisha mpe pafu lililolala presha endelevu ya 2 hadi 5. Ikishindikana, rudini kwenye mapafu mawili.

Presha ikipanda ghafla

Fanya kituo na usome namba mbili. Kilele juu, tulivu ya kawaida: njia ya hewa ina kizuizi. Mrija umekunjwa au mgonjwa anauuma, kuna makohozi, au njia zimebana. Zote mbili juu: mapafu au kifua kimekakamaa. Fikiria mrija ulioingia upande mmoja, hewa kwenye utando wa pafu, misuli iliyoanza kuamka, gesi nyingi tumboni, mkono wa msaidizi ulioegemea kifua. Hilo la mwisho hutokea kuliko linavyosemwa.

Oksijeni ikishuka pamoja nayo, weka 100% kwanza, kisha ndipo utafute. Kukimbilia kufungua mapafu kabla ya kuondoa wazo la hewa kwenye utando wa pafu ni njia ya kumuua mgonjwa.

Kuchomoa mrija

Saa nne za uangalifu zinaweza kupotea kwenye dakika tano za mwisho, na hupotea zaidi kwa misuli iliyobaki imelegea. Pima kwa mashine ya kuchochea neva. Neva huchochewa mara nne, na uwiano wa mtikio wa nne wa misuli kwa wa kwanza ufike 0.9 au zaidi. Kuinua kichwa kwa sekunde tano hakuthibitishi lolote. Neostigimini 0.05 mg/kg pamoja na atropini 0.02 mg/kg ipewe mitikio yote minne ikiwa imerudi, na uipe angalau dakika kumi. Sugamadeksi, kwa rokuroniamu au vekuroniamu tu: 2 mg/kg mitikio miwili ikionekana, 4 mg/kg kwa ulegevu mzito zaidi.

Fyonza makohozi mapema, kabla ya kufungua mapafu kwa mara ya mwisho. Mrija wa kufyonza unavuta hewa pamoja na makohozi, kwa hiyo kuchomoa huku ukifyonza ni kumtoa mgonjwa akiwa na mapafu matupu. Inua kifua nyuzi 30. Akianza kupumua mwenyewe, mpe msaada wa presha na PEEP ya 5 mpaka sekunde kafu inapotolewa hewa. Usimwache akipumua kupitia mrija mtupu. Kama njia yake ya hewa ilikuwa ngumu, mpe 100%. Kwa wengine, acha oksijeni iwe ndogo kadiri unavyoridhika na usalama wake.

Anayepelekwa chumba cha uangalizi maalumu na mrija wake: mfuko wa safari uwe na vali ya PEEP. Unapobadilisha mashine, bana mrija kwa koleo lililofunikwa kitambaa mwisho wa kuingiza pumzi, badilisha, achia. Mrija wenye waya ndani usibanwe kamwe, maana haurudi umbo lake.

Wodini, kichwa juu, oksijeni ya kutosha kufikia 94% na si zaidi (88 hadi 92% kwa ambao miili yao hubakiza kabonidioksidi), maumivu yatulizwe kwa dawa za aina mbalimbali ili morfini iwe kidogo, pumzi ndefu kumi kila saa akiwa macho, mswaki mara mbili kwa siku, na aketi kwenye kiti mapema awezavyo. Mrija wa puani uendao tumboni, usiokuwa na kazi, utolewe. Oksijeni ikishuka chini ya 92% licha ya barakoa, presha endelevu ya 5 hadi 10 ianzishwe saa hiyohiyo, na nakala ya chati ya msukumo iwe imekwenda naye, ili daktari wa zamu ajue alitoka mezani akiwa 10 au 14.